Fundi na Kazi Yake: Dirisha la Nyuma la Kamyoneti

Katika miji na vijiji vyetu kamyoneti ni gari la jamaa nzima. Hupeleka mihogo na ndizi sokoni, huleta saruji na mabati, huchukua wagonjwa hospitalini na watoto shuleni. Nyingi kati yake ni za zamani. Toyota Hilux, iliyoanza kutengenezwa Ujapani mwaka 1968, yaonekana bado katika kila njia, na baadhi ya zile za miaka ya 1980 na 1990 zina dirisha la nyuma lenye vioo vya kusukuma, yaani vioo vinavyoteleza upande huu na upande huu. Juma hili twataka kuwaeleza baba wa jamaa, madereva, na vijana wanaojifunza ufundi, jinsi ya kulitengeneza dirisha hilo, na lini ni lazima kulibadili. Jambo hili si dogo: maji yapitayo humo huozesha gari, na moshi upitao humo waweza kuua watu.

Kwanza tulitazame dirisha lenyewe. Lina fremu nyembamba, na ndani ya fremu kuna vioo viwili vya pembeni visivyosogea, na katikati kimoja au viwili vinavyoteleza katika mifereji iliyotandikwa kitambaa laini. Komeo dogo huvifunga. Fremu yote huzungukwa na mpira mnene wenye midomo miwili: mdomo mmoja huikamata fremu, na wa pili hukamata ukingo wa bati la gari. Chini ya mifereji kuna vitundu vidogo vya kutolea nje maji ya mvua. Mwenye kujua sehemu hizi nne, yaani vioo, mifereji, vitundu na mpira, amekwisha kujua nusu ya kazi.

Mvua ikinyesha na sakafu nyuma ya kiti ikalowa, wengi hukimbilia kupaka gundi pande zote za dirisha. Hivyo sivyo. Hatari zaidi ni kuviziba vile vitundu, kwa kudhani kwamba ndivyo vinavyovuja. Maji yakikosa njia ya kutoka nje, yatafurika mferejini na kumwagika ndani. Tafuteni kwanza mahali penyewe. Kausheni sakafu, kisha mtu mmoja aketi ndani na taa ya mkononi, na mwenzake amwage maji polepole kwa nje. Aanzie chini ya dirisha, angoje kidogo, ndipo apande juu hatua kwa hatua. Akianzia juu, maji yatateremka kila mahali, wala hamtajua yameingilia wapi.

Yakiwa maji yaingia katika mfereji, dawa yake ni rahisi. Ondoeni vumbi kwa brashi ndogo, zibueni vitundu kwa waya mwembamba, kisha osheni kwa maji ya sabuni. Vumbi la njia zetu, likichanganyika na mvua, huganda kama udongo wa tofali, na ndilo linalokifanya kioo kigome kusogea. Msitie mafuta ya injini wala grisi: hukusanya vumbi jipya, na mafuta ya petroli huuharibu mpira. Komeo likivunjika au likibanduka, laweza kupatikana jingine peke yake. Hakuna haja ya kununua dirisha zima.

Yakiwa maji yapita kati ya mpira na bati, tazameni hali ya mpira. Mpira uliopigwa na jua miaka mingi hukauka, hupasuka pembeni, wala haushiki tena. Huo haufai kupakwa kitu, sharti ubadilishwe. Kazi hii yataka watu wawili. Mmoja aingie ndani, auinue mdomo wa mpira kwa kijiti butu akianzia pembe ya juu, na kulisukuma dirisha polepole kwa viganja. Wa pili asimame nje alipokee. Msitumie bisibisi kwa nguvu, kwani ncha yake ikigusa ukingo wa kioo, kioo chote chaweza kupasuka mara moja. Mkisha kulitoa, chunguzeni ukingo wa bati. Mara nyingi mtakuta kutu chini ya mpira wa zamani. Ikwaruzeni mpaka chuma kiwe safi, pakeni rangi ya kuzuia kutu, na mwiache ikauke kabisa. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mpira mpya juu ya kutu ni fedha iliyotupwa.

Kulirudisha dirisha kuna ujanja ambao mafundi wa nchi nyingi huutumia. Valisheni mpira mpya kwenye fremu. Halafu chukueni kamba laini na imara, yenye unene wa milimita 4 au 5, mwizungushe ndani ya ule mfereji wa mpira utakaokamata bati, na ncha zake mbili zikutane na kupishana chini katikati. Pakeni maji ya sabuni kwenye mpira na kwenye ukingo. Mtu wa nje aliweke dirisha mahali pake, akilikandamiza kwa viganja. Mtu wa ndani avute ncha moja ya kamba polepole. Kila kamba inapotoka, mdomo wa mpira huvuka bati na kukaa ndani. Wa nje agonge kwa kiganja mahali palepale kamba inapovutwa. Mkiona ugumu, ongezeni sabuni, msiongeze nguvu. Lakini magari mengine, hasa mapya zaidi, hayana mpira huo. Dirisha limegandishwa kwa gundi maalumu. Hayo yaacheni kwa fundi mwenye vifaa vyake.

Sasa twafika penye neno zito: kioo kikivunjika, kitatiwa kipi? Kioo cha nyuma cha gari kwa kawaida ni kioo kilichokazwa kwa moto. Kiwandani hupashwa moto zaidi ya digrii 600, kisha hupozwa ghafula kwa upepo. Sehemu ya nje hukauka kwanza, na ya ndani ikipoa huivuta na kuikaza. Kwa hiyo kioo hicho ni kigumu kuliko kioo cha kawaida, na kikivunjika huwa punje ndogo zisizokata sana. Lakini kikisha kukazwa hakikatiki tena wala hakitobolewi. Mtu akiwaambia kwamba atawakatia kioo cha namna hii kutoka gari jingine, hajui kazi yake. Kinachoweza kukatwa ni kioo cha tabaka, kama kile cha mbele: vioo viwili vilivyobanana na utando katikati, uvumbuzi ambao Mfaransa Édouard Bénédictus aliupatia hati mwaka 1909. Hicho kikivunjika, vipande hubaki vimeshikwa na utando.

Kuna na kioo cha tatu, nacho ndicho kinachotutia hofu: kioo cha dirisha la nyumba. Hupatikana katika kila mji, bei yake ni ndogo, na hukatwa kwa dakika chache. Kikitiwa kwenye gari chaonekana sawa na vingine. Lakini siku ya ajali huvunjika vipande virefu vyenye makali kama kisu, nyuma ya shingo za wale walioketi. Kioo cha gari kwa kawaida kina alama ndogo iliyochorwa pembeni. Itafuteni kabla ya kulipa. Msipopata kioo chenye usalama, afadhali kufunga bati lililopigwa rangi mpaka kipatikane, na dereva atumie vioo vya pembeni kutazama nyuma.

Wengine huuliza: je, turudishe dirisha la kusukuma, au tutie kioo kimoja kizima? Kioo kizima hakina mifereji ya kuvuja wala komeo la kufunguliwa na mwizi, na hudai kazi kidogo. Dirisha la kusukuma huleta upepo wakati wa joto. Mkinunua lililotumika, pimeni kwanza urefu, kimo na mviringo wa pembe, maana kamyoneti za jina moja lakini za miaka mbalimbali si lazima zilingane.

Tumalizie na moshi. Kamyoneti yenye turubai au kibanda nyuma, ikienda na dirisha la nyuma wazi, huvuta moshi wake yenyewe: hewa nyuma ya gari huzunguka, huingia chini ya turubai, na kupenya mpaka kwa dereva. Ndani ya moshi huo mna hewa ya sumu iitwayo monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Hushika mahali pa hewa njema katika damu. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, kisha hulala usingizi asioamka. Watoto waliolala nyuma hawawezi kupiga kelele. Basi, kukiwa na turubai, fungeni dirisha la nyuma na kufungua ya mbele. Bomba la moshi litoke nje kupita ukingo wa karoseri, wala lisiwe na tundu. Na gari likisimama, zimeni injini. Mtu akilalamika kichwa safarini, simamisheni gari papo hapo, mtoeni kwenye hewa safi, na mkampeleke kwa mganga.

Nanyi vijana mnaojifunza ufundi, mwenye gari akiwaomba kioo cha nyumba kwa sababu ya bei, mwonyesheni vipande vyake vilivyovunjika, mwelezeni hatari yake, na mkatae. Anayejua kioo ni ninyi. Watoto wanaoketi mbele yake hawajui.