Kiti cha Mwanazuoni Barazani

Kila kitu kitumiwacho na watu wengi hakina budi kuwa na kanuni. Kisima kina zamu, soko lina vipimo, na barabara ina upande wa kwenda na upande wa kurudi. Intaneti nayo, ambayo wewe msomaji huitumia kutafuta elimu, kupeleka salamu na kulipa fedha, haiendi yenyewe kama upepo. Wako watu wanaoamua jina gani liandikwe katika daftari lake, habari zipite njia gani, na nani azuiwe mlangoni. Yafaa tuulize: watu hao wawe nani?

Majibu mawili husikika sana. La kwanza husema: iachiwe serikali peke yake, kwa kuwa ndiyo yenye sheria na askari. La pili husema: yaachiwe makampuni, kwa kuwa ndiyo yenye mali na mitambo. Nayakataa yote mawili. Serikali iliyokabidhiwa jambo hili peke yake, iko siku itayaogopa maneno ya raia na kuifunga njia. Kampuni iliyokabidhiwa peke yake, iko siku itampima raia kwa faida anayoleta, na kumsahau asiye na faida. Zote mbili zina kazi njema, lakini hapana hata moja ipasayo kuwa mshitaki, shahidi na hakimu katika kesi moja.

Ushahidi tunao hapa nyumbani. Zamani, barua ya intaneti iliyotoka kwa mteja wa kampuni moja ya Nairobi kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine ya Nairobi ilisafiri kwanza ng'ambo, ndipo irudi. Mwishoni mwa mwaka 2000, makampuni yenye kutoa huduma hiyo yalikutanisha nyaya zao katika kituo kimoja, KIXP, ili habari za nyumbani zibaki nyumbani. Kabla mwezi haujatimia, kampuni ya simu ya Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya peke yake ya kupitisha habari za kwenda nchi za nje, ililalamika, na Tume ya Mawasiliano ikaamuru kituo kifungwe. Je, kituo kile kilipeleka habari nje? La, kazi yake ilikuwa kuziepusha na safari hiyo. Hoja nyepesi kama hii ilihitaji zaidi ya mwaka mzima kusikilizwa, na kituo kilifunguliwa tena Februari 2002. Muda wote huo raia walilipia safari ndefu ya maneno mafupi, kwa sababu mwenye mali alisema, mwenye amri akaitikia, na mwenye elimu hakuwa na kiti baina yao.

Ajabu ni kwamba intaneti yenyewe ililelewa katika vyuo. Fedha za kuianzisha zilitoka katika wizara ya ulinzi ya Marekani, lakini mikono iliyoijenga ilikuwa ya wanazuoni na wanafunzi wao. Ujumbe wa kwanza ulitoka Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles tarehe 29 Oktoba 1969, ukaenda Taasisi ya Utafiti ya Stanford. Miezi michache kabla ya siku hiyo, Steve Crocker, mwanafunzi wa chuo hicho mwenye umri wa miaka 24, aliandika waraka wa kwanza wa kanuni zake. Hakuuita amri wala sheria; aliuita ombi la maoni. Nyaraka za namna hiyo sasa zimepita 9,000, na kila mtu ana ruhusa kuzisoma na kuzipinga kwa hoja. Mwenzake, Jon Postel, alilitunza daftari la namba za intaneti kwa miaka mingi akiwa mtafiti wa chuo kikuu, hata alipofariki mwaka 1998. Mlezi wa namna hii hafukuzwi barazani mtoto anapokuwa tajiri.

Mpinzani atanijibu kwa methali: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali ni ya kweli, ila haihusu jambo hili. Intaneti si chombo kimoja. Ni bahari yenye vyombo vingi, na kanuni za bahari haziwekwi na nahodha mmoja. Tazama Brazil. Nchi hiyo iliunda kamati ya kusimamia intaneti mwaka 1995, na agizo la mwaka 2003 likaipa wajumbe 21: serikali 9, makampuni 4, vyama vya raia 4, wanazuoni wa sayansi na teknolojia 3, na mtaalamu 1 wa mambo ya intaneti. Serikali imo, lakini haifiki nusu. Je, chombo kilizama? Mwaka 2009 kamati ilitoa kanuni kumi za matumizi ya intaneti. Mwaka huo huo Wizara ya Sheria, ikisaidiana na shule ya sheria ya Rio de Janeiro, ilianza kuwauliza raia maoni juu ya sheria mpya, na Aprili 2014 sheria hiyo ikatiwa sahihi. Ilikawia, lakini ilizaliwa na wazazi wanaojulikana.

Mataifa yote hayajafika hapo. Mkutano wa Tunis wa mwaka 2005 uligawa kazi kwa serikali, makampuni na vyama vya raia. Wanazuoni na mafundi ukawasifu tu kwa mchango wao ndani ya makundi hayo. Sifa si kiti. Serikali ikisema kwamba kuifunga intaneti huleta amani, nani atapima kama ni kweli? Kampuni ikisema kwamba siri za watoto zi salama mikononi mwake, nani atafungua sanduku atazame? Kupima, kukumbuka na kufundisha ndiyo kazi ya mwanazuoni.

Lakini kiti kina masharti. Mwanazuoni apokeaye fedha za kampuni akaficha aliyoyaona ni tarishi aliyevaa joho. Naye anyamazaye kwa kuiogopa serikali ameuza ulimi ambao taifa lilimsomeshea. Wote wawili wasipewe kiti.

Kenya haikosi mbegu. Vyuo vyake vina umoja wao wa mawasiliano, KENET, tangu mwaka 1999, na mwaka 2011 baraza la mataifa juu ya utawala wa intaneti lilikutana Nairobi. Vyuo vilivyoweza kuunganisha nyaya vitashindwaje kuunganisha mashauri? Sheria na ivipe viti vya haki, vyenye kura, popote kanuni za intaneti ziwekwapo.

Nawe kijana, usidhani kwamba jambo hili ni la wazee. Penye wazee haliharibiki neno. Lakini mzee katika mambo ya intaneti hujulikana kwa elimu, hajulikani kwa mvi. Crocker alikuwa na miaka 24. Soma hesabu, soma sheria, soma lugha, na jifunze kumpinga mwenzako bila kumtukana. Kiti tunachokidai leo kitahitaji mtu wa kukikalia, na hao walio barazani hivi sasa hawataishi milele.