Sura ya Mtoto Isibadilishwe

Kuna jambo ambalo limeingia katika baadhi ya nyumba zetu hapa Pemba, nalo limeingia kwa sura njema, ndiyo maana watu hawalitilii shaka. Mzazi akipata fedha baada ya mavuno ya karafuu, humwagizia mchoraji picha ya mtoto wake, ichorwe kwa rangi za mafuta juu ya turubai, itiwe fremu, itundikwe sebuleni. Jambo lenyewe silipingi. Nalipinga neno moja ambalo mzazi humwambia mchoraji pale atoapo arbuni: "Mng'arishe kidogo."

Maana ya neno hilo twaijua sote. Mtoto ni mweusi kama baba yake. Picha yake itoke maji ya kunde. Pua yake ni pana, ifinywe. Nywele zake ni za kipilipili, zilazwe. Aghalabu mtoto mwenyewe haendi kwa mchoraji hata siku moja. Hupelekwa picha ya simu tu, nayo simu imekwisha kuupausha uso wake kabla mchoraji hajashika burashi. Kisha picha huletwa nyumbani, wageni huisifu, na mtoto husimama chini yake akimtazama mtoto mwingine aliyepewa jina lake.

Nawauliza wazazi, mtoto huyo atajifunza nini? Sisi walimu twajua ya kuwa mtoto hufundishwa zaidi na yale ayaonayo kila siku kuliko yale aambiwayo mara moja. Mwaweza kumwambia kila Jumapili ya kuwa Mungu amemwumba vema. Picha ya ukutani humwambia asubuhi na jioni ya kuwa baba yake alilipa fedha ili kazi ya Mungu isahihishwe. Ataamini lipi? Na akiwa binti, akakua, akaanza kununua krimu za kujichubua zenye zebaki, ambazo huharibu ngozi na figo, baba atamkemea kwa kinywa gani, naye ndiye aliyemchubua kwanza kwa burashi?

Hujibu, "Ni pambo tu." Nami nasema, pambo hili lina historia yake, na sisi watu wa Pemba yatupasa kuijua. Huko London, katika jumba liitwalo National Portrait Gallery, imo picha iliyochorwa mwaka 1682 na Mfaransa Pierre Mignard. Ni picha ya Louise de Kéroualle, hawara wa Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza. Ubavuni pake yuko msichana mdogo Mwafrika, amevishwa lulu shingoni, anamtolea bibi yake marijani na kombe lililojaa lulu. Jina la bibi limeandikwa; jina la mtoto halijulikani. Weusi wake uliwekwa pale ili weupe wa bibi uzidi kuonekana. Picha za namna hiyo zilichorwa nyingi katika Ulaya ya zamani zile. Mtoto wetu alikuwamo katika rangi za mafuta, lakini kama pambo, sawasawa na marijani aliyoishika.

Kisiwa chetu nacho kilipandwa karafuu kwa mikono ya watumwa waliotolewa bara, ambao wengi wao majina yao yamepotea, hata sheria ya mwaka 1897 ilipowafungulia mlango wa uhuru. Leo mjukuu wa watu hao ana fedha zake mwenyewe, amemwajiri mchoraji kwa hiari yake, na mtoto wake yu katikati ya picha wala si pembeni. Je, ni katika saa hiyo ndipo amfute?

Wengine husema, "Hata wafalme walipambwa na wachoraji wao." Mara nyingi ni kweli. Lakini mwaka 1659 Diego Velázquez, mchoraji wa mfalme wa Hispania, alimchora Felipe Próspero, mtoto wa mfalme na mrithi wa kiti chake, aliyekuwa dhaifu wa afya. Alimchora katika nguo za fahari, walakini uso wake aliuacha ulivyo, umepauka. Hirizi nazo zaning'inia juu ya vazi lake, maana hata jumba la mfalme liliogopa kijicho. Mtoto yule alifariki mwaka 1661, kabla hajatimiza miaka minne. Picha yake ipo mpaka leo katika mji wa Vienna. Kama Velázquez angalimnenepesha na kumtia wekundu wa afya, leo tungalikuwa na picha ya mtoto ambaye hakuwako kamwe.

Kwa wachoraji nina neno pia. Msiseme ya kuwa weusi ni mgumu kuchorwa. Ngozi nyeusi hupatikana kwa kuchanganya kahawia, wekundu wa udongo na manjano ya udongo, pamoja na buluu katika vivuli. Atiaye nyeupe mahali pote ni mvivu, na uso hutoka kama umepakwa majivu. Tena rangi hii, iliyosagwa katika mafuta ya mbegu za kitani, haikauki upesi kama ile rangi ya baiskeli ya akina Tingatinga. Hukaa mbichi siku kadhaa, nayo yaweza kukwanguliwa na kurudiwa. Basi nafasi ya kumtazama mtoto vema mnayo.

Wako na ndugu wasemao ya kuwa picha yo yote ni sanamu, nayo imekatazwa katika Amri Kumi. Nawaheshimu, kama niwaheshimuvyo jirani zetu Waislamu wasiotundika sura nyumbani. Lakini amri ile yakataza kuabudu. Na Bezaleli, fundi wa hema, alijazwa Roho wa Mungu ili awe stadi wa kazi za mikono. Hofu yangu ni nyingine. Picha iliyobadilishwa ndiyo iliyo karibu zaidi na sanamu, maana mzazi amejiundia mtoto wa matamanio yake, akamtukuza ukutani, na mtoto wa kweli amemwacha chini.

Kwa hiyo, mzazi mwenye nia ya kuagiza picha, mpeleke mtoto mwenyewe aketi mbele ya mchoraji, ijapokuwa ni kuvuka bahari mpaka Unguja. Kabla hujatoa arbuni sema wazi ya kuwa ngozi yake, pua yake, nywele zake, na kovu lake kama analo, vyote vibaki. Picha ikija si yake, irudishe. Na kama huna moyo wa kumtazama mtoto wako ukutani jinsi alivyo, basi usiagize. Fedha hiyo mnunulie vitabu, ukae karibu naye jioni, uutazame uso wake anaposoma.

Mwalimu, Pemba