Pikipiki ya zamani, vyuma vipya

Katika mashindano ya Manx Grand Prix, yaliyoanza 1923 kisiwani Isle of Man, pikipiki za zamani hukimbizwa kwenye barabara za kawaida, mzunguko mmoja zaidi kidogo ya kilomita 60. Hupangwa kwa ukubwa wa injini: cc 350 kundi lake, cc 500 kundi lake. Hapo hakuna ugomvi. Ugomvi uko kwenye umri. Kanuni huangalia muundo ni wa miaka gani, si chuma kilichongwa lini, hivyo Norton iliyoundwa juzi huingia. Tunaelewa: chuma cha 1960 kikikatika kwa mwendo ule, mtu hufa. Ila mwenye pikipiki halisi na mfuko mwembamba huachwa nyuma. Bodaboda yako hutambulika kwa namba ya chesesi; kule hata fremu huweza kuwa mpya.