Katiba Haikumsamehe Mtendaji

Mahindi ya Nyanda za Juu Kusini, mchele wa Mbarali na ndizi za Rungwe hupita mkoani Mbeya yakisafirishwa kwenda kulisha miji. Lakini penye miti hapana wajenzi. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha kwamba katika mkoa jirani wa Iringa, ambao nao ni ghala la Taifa, zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa. Kwa Taifa zima ni watoto 30 katika kila 100.

Wapo watendaji wanaolikwepa jambo hili kwa hoja ya sheria. Husema kuwa Katiba ya 1977 haikutaja haki ya chakula, kama ile ya Kenya ya 2010 ilivyoitaja katika ibara ya 43. Huongeza kuwa haki ya kusaidiwa wakati wa maradhi, iliyomo katika ibara ya 11, haiwezi kudaiwa mahakamani, kwa kuwa ibara ya 7(2) imezuia. Basi faili hufungwa.

Huo ni usomaji wa mtu anayetafuta upenyo. Ibara hiyo hiyo ya 7, katika kifungu cha kwanza, imeitwika Serikali na kila mwenye madaraka wajibu wa kutekeleza masharti hayo. Ibara ya 9 imeelekeza utajiri wa Taifa katika kuondosha umaskini, ujinga na maradhi. Ibara ya 14 imempa kila mtu haki ya kuishi na kuhifadhiwa maisha yake. Aliyezuiwa ni hakimu, mtendaji hakusamehewa.

Wengine humlaumu mama kwamba hajui lishe. Mama anayeshinda shambani tangu alfajiri atampikia mtoto uji saa ngapi? Njia inajulikana. Kuanzia 1983, vijiji 168 vya Iringa vilipima watoto wao, vikajadili matokeo katika halmashauri za vijiji na kuamua hatua za kuchukua. Utapiamlo ukapungua.

Hapana budi kazi hiyo irudiwe. Fedha za lishe zilizotengwa na halmashauri zitoke kwa wakati. Mwalimu ahimize dona na maharage badala ya sembe tupu. Mtoto aliyedumaa hawezi kungoja Katiba irekebishwe. Wajibu wa kumlisha umekwisha kuandikwa.