Sindano ya kunyamazisha homa ya ini B: Vingunguti itaipata vipi?

Sindano mpya za homa ya ini B zimeanza kufanya kitu ambacho vidonge vya sasa hukifanya kwa nadra sana: kuiondoa kwenye damu alama kuu ya kirusi, na isionekane hata miezi sita baada ya matibabu kuisha. Si kwa wote. Kwenye kundi lililofanya vizuri zaidi ni kama mmoja kati ya wanne. Kwa ugonjwa ambao watu wengi huambiwa wataishi nao maisha yote, hiyo ni habari kubwa.

Ila kuna kipengele ndani ya hiyo habari ambacho mtu wa Vingunguti anapaswa kukisoma mara mbili.

Oda na jiko

Kirusi cha homa ya ini B kikishaingia kwenye seli ya ini, kinaacha DNA yake ndani ya kiini cha seli. Hiyo ndiyo mama wa yote. Inatoa RNA, ambazo ni kama oda zinazopelekwa jikoni, na jiko la seli linapika protini za kirusi bila kujua linamhudumia nani.

Tenofovir, kidonge kinachotumika sana sasa, inazuia kirusi kujinakili. Inafanya kazi nzuri na inapunguza hatari ya ini kuharibika. Lakini oda zinaendelea kutoka, na protini iitwayo HBsAg inazidi kumwagika kwenye damu hadi kinga ya mwili inachoka kupambana.

Teknolojia ya RNAi inachana oda kabla haijafika jikoni. Kipande kifupi cha RNA kinatengenezwa maabara, kinaunganishwa na sukari maalumu inayotambuliwa na seli za ini, kisha mgonjwa anachomwa sindano chini ya ngozi. Wamarekani Andrew Fire na Craig Mello walieleza mbinu hii kwa kutumia minyoo mwaka 1998, wakapata Tuzo ya Nobel 2006. Leo kuna dawa za RNAi zilizoidhinishwa kwa magonjwa mengine. Ya kwanza, patisiran, iliidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa bei iliyotangazwa ya dola 450,000 kwa mwaka. Ndiyo, kwa mgonjwa mmoja.

Namba zenyewe

Desemba 2024, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya xalnesiran, sindano ya RNAi ya kampuni ya Roche, kwa wagonjwa wapatao 160. Waliopewa sindano hiyo peke yake, HBsAg ilipotea kwa asilimia 3 hadi 7 tu. Ilipochanganywa na intaferoni, dawa ya zamani ya kuamsha kinga ambayo madhara yake si mchezo, ikafika asilimia 23. Waliobaki na vidonge tu: sifuri.

Kwa hiyo RNAi peke yake haitoshi. Inapunguza kelele za kirusi ili kinga ipate nafasi, lakini ile DNA mama bado iko palepale.

Na hapa ndipo penyewe. Washiriki wote walikuwa tayari wanatumia vidonge na virusi vyao vimeshadhibitiwa. Waliopoteza HBsAg ni wale tu waliokuwa na kiwango kidogo cha protini hiyo tangu mwanzo. Kwa maneno mengine, sindano mpya inaanzia pale kidonge cha zamani kilipofika.

Sasa ilete Vingunguti

Chukua mfano wa kijana wa miaka 30 anayefanya kazi machinjioni Vingunguti. (Kirusi hiki hakitoki kwa ng'ombe, kinapita kwa damu, ngono na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto.) Alizaliwa kabla ya 2002, mwaka ambao Tanzania iliingiza chanjo ya homa ya ini B kwenye chanjo za kawaida za watoto. Kama aliambukizwa wakati wa kuzaliwa, uwezekano wa ugonjwa kuwa sugu ulikuwa kama asilimia 90. Na huenda hajawahi kuumwa hata siku moja.

Atajuaje? Wengi hujua kwa bahati tu, kwa mfano wanapokwenda kuchangia damu, maana Damu Salama hupima homa ya ini kwenye kila chupa. Kwa takwimu za WHO za 2022, watu milioni 254 duniani wanaishi na ugonjwa huu, na waliogunduliwa ni asilimia 13 tu. Waliokuwa kwenye dawa ni asilimia 3. Afrika iko chini zaidi ya hapo.

Kinachouma ni kwamba dawa ya kuanzia haipo mbali. Tenofovir ni sehemu ya vidonge vya TLD vinavyotolewa bure kwenye kliniki za CTC kwa wenye VVU. Mwenye VVU na homa ya ini anatibiwa yote mawili kwa kidonge kimoja. Mwenye homa ya ini pekee, mlango wake si huo, japo molekuli ni ileile. WHO inasema tenofovir isiyo na chapa inaweza kununuliwa kwa dola 2.40 kwa mwezi, kama shilingi elfu sita hivi. Machi 2024 shirika hilo lililegeza pia masharti, ili watu wengi zaidi waanze dawa hata pale ambapo kipimo cha wingi wa virusi hakipatikani.

Nchi isiyotumia nafasi hiyo haitakuwa na wagonjwa walio tayari siku RNAi itakapofika. Itakuwa na watu wanaofika Amana au Muhimbili tumbo limeshajaa maji.

Kwa anayesoma hii

Kipimo cha kuulizia kinaitwa HBsAg. Ni tone la damu na majibu ni ndani ya dakika chache. Kikisoma hasi, chanjo ya watu wazima ni dozi tatu ndani ya miezi sita. Aliye kwenye tenofovir asiiache kwa sababu ya habari ya sindano: kuacha ghafla bila daktari kunaweza kumrudisha kirusi kwa nguvu, na ini likafeli.