MAONI: Lipa hiyo soo tatu mlangoni, bendi ya mtaa haili makofi

Wewe unayesoma hii kwa simu ukiwa kwenye matatu, hebu nijibu swali moja kabla hujashuka. Mara ya mwisho kumwona mtu akipiga gita mbele ya macho yako, si kwenye TikTok wala kwenye harusi ya binamu, ilikuwa lini? Na ulilipa ngapi?

Nauliza kwa sababu Alhamisi iliyopita nilikuwa kwenye foleni nje ya sehemu moja ninayoipenda huku Eastlands, nikamwona kijana wa rika langu akibishana na baunsa karibu dakika kumi kuhusu kiingilio. Soo tatu. Jamaa amevaa raba ambazo, kwa hesabu ya haraka, zingemlipia viingilio ishirini. Hoja yake ilikuwa moja tu: "Mimi namjua mpiga gita." Baunsa, mzee mpole ambaye mchana huuza mitumba, akamwambia, "Kama unamjua, basi unajua ana watoto wawili." Jamaa akavuka barabara, akajiunga na mbogi yake nje ya duka la pombe, wakasikiliza shoo nzima bure kupitia dirishani. Na walicheza, tena vizuri.

Jina la hiyo sehemu sitalitaja, mwenyewe hataki macho zaidi ya yale aliyonayo. Ni chumba cha chini kwenye jengo la ghorofa tano, zamani kilikuwa duka la vifaa vya ujenzi, na ukiangalia vizuri bado kuna alama za rafu ukutani. Viti vya plastiki. Jukwaa la mbao lililoinuka kiasi cha kreti moja ya soda. Wakifurika kabisa ni watu sabini. Bendi ina watu wanne: gita, besi, dramu na dada mmoja anayeimba huku akipiga kayamba. Wanaanza saa moja na nusu jioni, wanamaliza saa nne, watu wanawahi matatu za mwisho.

Sasa tupige hesabu, maana wengi wetu hufikiri pale ndani kuna mtu anatajirika. Tuseme wamelipa watu sitini, soo tatu kila mmoja. Hiyo ni ngiri kumi na nane. Fundi wa sauti achukue nne, kwa sababu bila yeye utasikia dramu peke yake na mlio wa kipaza sauti. Baunsa na msichana wa mlangoni, mbili. Pikipiki ya kubeba amplifaya kwenda na kurudi, moja. Zimebaki kumi na moja. Gawa kwa wanne. Kila mwanamuziki anaondoka na kama elfu mbili mia saba na hamsini, na hapo sijahesabu nyuzi za gita wala siku mbili za mazoezi. Hiyo ndiyo siku nzuri. Siku ambayo mvua imenyesha, watu ni kumi na wanane, na ngoma ni zile zile.

Kisha utaniambia muziki wa Kenya haukui.

Hakuna msanii aliyezaliwa akiwa jukwaa kubwa. Sauti Sol walipoagana na mashabiki kwenye Sol Fest mnamo Novemba 2023, pale Uhuru Gardens, wengi wetu tulilipa maelfu bila kulalamika. Lakini rudi nyuma hadi 2005. Bien, Chimano na Savara walikutana na Polycarp pale Alliance Française, katikati ya jiji, mahali ambapo kijana asiye na jina angeweza kusimama mbele ya watu wachache na kujaribu. Kama ni wazazi wako wanaosikiliza zilipendwa, waulize kuhusu Les Wanyika. Walipojitenga na Simba Wanyika mwaka 1978 walifanya mazoezi kwa miezi, kisha wakaanza kupiga Garden Square, usiku baada ya usiku, mbele ya watu waliokuja kula nyama na kunywa. Ule ulegevu mtamu wa gita lao haukutengenezwa na programu ya kompyuta. Ulitokana na kupiga wimbo mmoja mara mia tatu mbele ya watu ambao wangeweza kuinuka na kwenda zao.

Hapo kuna jambo moja linalonikera, na naomba nilitoe. Alliance Française ni ya Wafaransa. Goethe-Institut, ambako pia vijana wengi wamepata jukwaa, ni ya Wajerumani. Kwa miaka mingi, baadhi ya majukwaa madogo bora zaidi ya Nairobi yamekuwa yakisaidiwa na walipa kodi wa Paris na Berlin. Nawashukuru, kwa kweli. Lakini mtoto wa Kayole au Kariobangi anayetaka kujaribu wimbo wake wa kwanza, kwa nini apande matatu mbili kwenda kuomba nafasi kwa serikali ya nchi nyingine? Na zile sehemu zetu wenyewe zinazidi kupotea. Simmers, pale Kenyatta Avenue, ambapo bendi za rumba zilipiga miaka na mikaka, ilibomolewa 2018. Florida ya Koinange, ule mjengo wa mviringo uliokaa juu ya kituo cha petroli kama chombo cha angani, nayo imebaki hadithi. Ardhi ya mjini ina bei, na gita halijawahi kushinda mnada wa ardhi popote duniani.

Ndiyo maana nasema tumaini liko mtaani, kwenye vyumba kama kile cha duka la vifaa. Na huko mtaani ndiko sheria inakobana.

Wengi hawajui hili. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, zile zinazosimamiwa na Nema, zinasema kuanzia saa mbili na dakika moja usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, kiwango cha juu kwenye eneo la makazi ni desibeli 35. Sawa, makazi ni makazi. Lakini hata eneo lililochanganyika, lenye nyumba, biashara na sehemu za burudani, ambalo kanuni zenyewe zinalitambua kwa jina hilo, linaruhusiwa 55 mchana, na usiku ni 35 zile zile. Unajua desibeli 35 ni nini? Watu wawili wakiongea kawaida mezani ni kama 60. Thelathini ni mnong'ono. Kwa maneno mengine, baada ya saa mbili usiku hata wateja wa kibanda cha chipsi wanavunja sheria wakicheka. Bendi yetu inaanza saa moja na nusu, kwa hiyo ina nusu saa ya uhalali. Nyimbo sita, saba kama hawaongei katikati.

Sheria ambayo kila mtu anaivunja haimlindi yeyote. Inampa tu mwenye sare nafasi ya kuchagua atakayemgusa leo. Na atamgusa nani? Klabu kubwa yenye wakili, au mwenye chumba cha viti vya plastiki?

Mwishoni mwa 2022 serikali ya Gavana Sakaja ilitangaza kufuta leseni za vilabu vya usiku kwenye mitaa ya makazi, eti vilabu vibaki katikati ya jiji. Wenye biashara wakaenda kortini. Naomba nieleweke, sikuwa upande wa vilabu vyote. Dada yangu aliwahi kuishi fleti iliyotazamana na klabu moja, na kwa mwaka mzima mtoto wake alilala kwa zamu na besi. Akipiga simu polisi anaambiwa watakuja, hawaji. Huyo mama ana haki. Mtu akikuelekezea spika za futi sita dirishani hadi saa kumi alfajiri, hiyo si burudani, ni uonevu. Wanaobeza malalamiko ya wakazi kwa kusema "hameni" ni wale wanaolala Runda.

Tatizo ni kwamba mjadala ule wote ulichukulia kila mlango wenye muziki kuwa kitu kimoja. DJ wa saa kumi alfajiri na mpiga gita wa saa tatu usiku, wote ni "kelele". Hakuna aliyeuliza: wanaanza saa ngapi, wanamaliza saa ngapi, spika zinatazama wapi, dari ina nini? Hata leseni yenyewe inakusukuma pabaya. Chini ya ile sheria ya vileo ya 2010 ambayo sote tunaiita sheria ya Mututho, mwenye baa ya kawaida anauza kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za wiki. Mwenye leseni ya klabu ya usiku anaruhusiwa hadi saa tisa. Chumba chetu kinaishi kwa leseni ya pombe kwa sababu hakuna karatasi inayosema "hapa ni mahali pa kusikiliza bendi". Basi mwenyewe akitaka kulipa kodi ya landlodi, anasukumwa auze bia zaidi na afunge usiku zaidi. Halafu tunashangaa bendi imeondolewa na kuletwa DJ anayepiga nyimbo za watu wengine kwa laptopu moja.

Wenzetu walishaliona hili. Jimbo la Victoria huko Australia, 2014, na Uingereza kwenye mwongozo wake wa mipango ya ujenzi wa 2018, waliweka kanuni rahisi: aliyekuja baadaye ndiye anayebeba gharama. Ukijenga fleti karibu na ukumbi wa muziki uliokuwepo, wewe mjenzi weka madirisha mazito na kuta zinazozuia sauti. Ukifungua ukumbi katikati ya nyumba zilizokuwepo, wewe ndiye wa kuziba sauti. Angalia Nairobi inavyoota ghorofa kila kona, kisha uniambie kama kanuni hiyo haituhusu. Madiwani wetu wana nguvu za kuitungia sheria ndogo. Na wakiwa hapo, wabuni leseni ya bei nafuu ya jukwaa dogo: watu wasiozidi mia moja, mwisho saa nne na nusu usiku, hata kama hakuuzwi pombe. Diwani wako anakuja kukuombea kura 2027. Muulize hilo kabla hajakupa T-shati.

Lakini nisijifiche nyuma ya serikali. Kuna sehemu yetu sisi.

Sisi ndio tunaofika saa tatu na nusu shoo iliyoanza saa moja na nusu, kisha tunataka kiingilio kipunguzwe kwa sababu "imebaki kidogo". Sisi ndio tunaosimama mbele na simu juu, tunarekodi wimbo mzima, tunaupandisha mtandaoni bila hata kutaja jina la bendi. Sisi ndio tunaopiga kelele "pigeni ya Mbilia Bel!" mtu akiwa katikati ya wimbo aliouandika mwenyewe kuhusu marehemu babake. Niliona hiyo kwa macho yangu. Yule dada alinyamaza, akatabasamu, akaimba ya Mbilia Bel. Tukapiga makofi sana. Wimbo wa babake hajaurudia tena.

Wenye kumbi nao wasiniangalie hivyo. Kumwambia msanii "nitakulipa kwa kukupa jina" ni wizi uliovaa tai. Jina halinunui unga. Kama kiingilio ni cha bendi, kipewe bendi, hesabu ifanywe mezani wote wakiona. Na maji ya kunywa kwa anayeimba saa tatu si msaada, ni vifaa vya kazi.

Mpiga besi wao wa kwanza aliondoka mwezi Machi. Yuko Doha sasa, anapiga kwenye hoteli siku sita kwa wiki, nyimbo za kuwafurahisha wageni wakati wa chakula cha jioni. Analipwa kila mwezi na ana kitanda. Nilimuuliza kwa WhatsApp kama anapiga zile zao. Akanitumia emoji ya kucheka, kisha baadaye usiku akaandika kwamba huzipiga chumbani, bila amplifaya, ili asizisahau.

Mpya ana miaka kumi na tisa. Bado anatazama vidole vyake akipiga, na wiki iliyopita alipotea kabisa kwenye wimbo wa tatu, mpiga dramu akamrudisha kwa kumwonyesha hesabu kwa kichwa. Atakuwa mkali, mwenyewe utaona, akipata Alhamisi za kutosha.

Kwa hiyo wiki hii, saa moja na nusu, tafuta sehemu kama hiyo mtaani kwako. Buruburu, Kisumu, Nakuru, popote ulipo, ipo, uliza mama mboga, yeye hujua mlango wowote unaotoa sauti. Beba soo tatu. Kama huna pesa mkononi, namba ya tili kwa kawaida iko ukutani, karibu na choo.