Kabureta za Marehemu



Majuma mawili yaliyopita tuliitwa katika nyumba moja ya hapa mjini tukae na warithi, tuwasaidie kugawa alichokiacha marehemu wao. Madeni yalikuwa yamekwisha lipwa, wasia hakuacha, na wazazi wake walimtangulia mbele ya haki. Waliobaki ni mjane, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili, ambao mdogo wao ana umri wa miaka 11. Fedha na vyombo vya nyumbani havikutuchukua muda. Kilichotusimamisha ni kopo la biskuti lililotolewa uvunguni mwa kitanda. Ndani yake mlikuwa na vyuma vitatu vilivyofungwa vitambaa: kabureta kuukuu, zilizobaki tangu siku ambazo marehemu alikuwa fundi wa magari.

Kwa wasiopata kuiona, kabureta ni chombo kilichokuwa kikichanganya petroli na hewa katika injini za zamani, kabla ya mchanganyiko huo kuingia kuchomwa. Magari ya siku hizi hayana tena chombo hicho, ndiyo maana vijana wengi hudhani ni takataka.

Kijana wa marehemu alisema, "Sheikh, hivi ni vyuma chakavu. Yuko mtu atanipa shilingi 1,500 kwa vyote vitatu. Apewe mama, yaishe." Ni maneno ya mtoto mwema, lakini hatukuweza kuyapitisha, kwa kuwa mdogo wake hajabaleghe. Mtu mzima akisamehe fungu lake, amesamehe kilicho chake. Fungu la yatima halisamehewi na kaka, wala mama, wala sheikh. Na fungu hilo halihesabiki mpaka kitu chenyewe kijulikane ni nini na kina thamani gani. Basi tukaomba mafuta ya taa, mswaki mkuukuu, kurunzi na kipande cha chaki.

Hapa tuwausie kina mama, maana aghalabu ni wao wanaobaki na makopo ya namna hii. Chuma hicho kisisuguliwe kwa msasa wala kukwanguliwa kwa kisu. Nambari nyingi zimegongwa kwa wepesi, na zikikwaruzwa zimepotea. Kioshwe kwa mafuta ya taa na mswaki, kikaushwe, kisha ipitishwe chaki juu ya maandishi na kufutwa kidogo kwa kidole. Unga wa chaki hubaki ndani ya mifuo na nambari hutokeza nyeupe.

Rahisi kupita zote ilikuwa ni Weber, chapa iliyoanzia Bologna huko Italia. Kwenye kitako chake imegongwa 32/36 DGAV. Hizo 32 na 36 ni upana, kwa milimita, wa matundu mawili ya kupitishia hewa. Herufi A ni dalili ya choki inayojiendesha kwa joto la maji ya injini. Ingalikuwa E, choki ni ya umeme, na ikiwa ni DGV tupu, choki huvutwa kwa mkono. Ford Cortina za lita 2 ni miongoni mwa magari yaliyofungwa aina hii. Baada ya herufi hizo zipo tarakimu nyingine, zinazotenga toleo na toleo. Mnunuzi makini ataziuliza, kwa hivyo zinakiliwe zote hata kama anayenakili hazielewi.

Ya pili ni Zenith 36 IV, ya Land Rover za zamani zenye injini ya petroli ya lita 2.25. Mama akaitambua: "Hii ndiyo aliyokuwa akisema inakunywa mafuta." Tukaifungua kifuniko, tukalaza rula ya chuma juu ya uso wake, na mwanga wa kurunzi ukapenya chini ya rula. Kifuniko kimepinda, na kabureta hizi zinajulikana kwa ila hiyo. Nambari ilitwambia jina lake na haikutwambia uzima wake.

Ya tatu ndiyo iliyotushughulisha. Ni SU ya Uingereza, yenye kuba moja mgongoni. Kijana aliona herufi AUC na tarakimu zimetuna ubavuni, akafurahi, akatoa simu apige picha ampelekee mnunuzi. Tukamzuia. Nambari iliyotuna imetoka katika kalibu pamoja na chuma chenyewe, na kalibu moja ilizaa mamia ya viwiliwili vilivyokwenda katika magari mbalimbali. Nambari ya kuitambua SU iligongwa katika kibati chembamba chenye tundu, kilichobanwa na skrubu ya kifuniko cha kibakuli cha petroli. Nayo huweza kuanza kwa AUC au AUD, na hapo ndipo wengi hughurika. Katika hii skrubu ipo, kibati hakipo.

Tukapima mdomo wake kwa rula: inchi moja na robo. SU za miaka hiyo huhesabiwa kwa thumuni zinazozidi inchi moja. H2 na HS2 ni inchi moja na thumuni mbili, H4 na HS4 ni inchi moja na nusu. Mjane, ambaye fungu lake nalo ni thumuni, akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu tufike.

"Basi niandike ni ya Morris Minor," akasema kijana, "maana anayeitafuta ana Morris." Huenda ikawa ndiyo. Lakini kipimo hicho kilifungwa pia katika MG Midget na magari mengineyo. Tukamwambia aandike alichokiona: SU, inchi moja na robo, haina kibati. Muuzaji anayeijua ila ya bidhaa yake akainyamazia amekula cha mwenziwe, na anayedai asichokijua hayuko mbali naye.

Weber na Zenith ziliuzwa juma lililofuata, na kupinda kwa kifuniko kumetajwa katika karatasi, kwa shilingi 9,600. Mama alipata 1,200, kijana 4,200, na kila binti 2,100. Yule wa shilingi 1,500 alikuja naye akakiri kwamba tangu mwanzo alijua alichokiona. Hatutamwita dhalimu, kwa kuwa hakusema uongo. Ila kumnyamazia mjane na yatima katika jambo unalolijua na wao hawalijui, sisi hatukupendi, na tulimwambia hivyo usoni pake.

SU ilibaki koponi, mali ya wote wanne, hadi juzi yule binti mdogo alipotuletea kibati chenye tundu, alichokikuta katika kopo la vifungo la mama yake. Kimegongwa AUC na tarakimu zinazosomeka vizuri. Kaka yake alitaka kukifunga papo hapo. Inasimuliwa kwamba Imamu Bukhari alipofika Baghdad, wanavyuoni walimjaribu kwa hadithi 100 walizozibadilishia isnadi, wakaitia isnadi ya hii katika matini ya ile, naye akarudisha kila moja mahali pake. Sisi hatuna elimu hiyo katika vibati. Marehemu alipitisha SU nyingi mikononi mwake, na skrubu hukubali kibati chochote. Tumewaambia wakitie katika bahasha kando ya kabureta, na waongeze mstari mmoja katika karatasi: kibati kimepatikana mbali nayo.